Kubadilisha saizi ya tairi kwa barabara za Kigoma na Tabora

Wenye magari wengi wa huku, matairi yakiisha, huuliza swali moja: niweke makubwa kidogo ili gari linyanyuke? Kabla ya kujibu ndiyo au hapana, tupige hesabu, kwa sababu unyanyukaji huo ni mdogo kuliko watu wanavyodhani.

Chukua tairi la 195/65R15, saizi ya kawaida kwenye magari mengi madogo ya Kijapani aina ya saluni. 195 ni upana kwa milimita. 65 ni asilimia: urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, yaani milimita 127 hivi. R ni radial, jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 15 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Inchi 15 ni milimita 381. Ongeza mbavu mbili, ya juu na ya chini, unapata tairi lenye kimo cha milimita 634.5. Sasa weka 205/65R15. Kimo kinakuwa 647.5. Tofauti ni milimita 13, lakini nusu yake ipo juu ya ekseli na nusu ipo chini, kwa hiyo gari limenyanyuka milimita 6.5 tu. Jiwe lililokuwa linagonga sampo (bakuli la oili chini ya injini) litaendelea kuigonga.

Ulichopata kwenye mabadiliko hayo ni ubavu mnene zaidi kidogo na upana wa kubeba mzigo. Hayo yana faida yake. Ila kama nia ni kuinua gari, tatizo lako linatibiwa kwenye springi na shokapu. Mara nyingi springi zimelegea kwa umri na gari limeshuka chini ya kimo lilichotoka nacho kiwandani. Pima kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, kushoto na kulia, mbele na nyuma, kabla hujatumia pesa kwenye tairi.

Kwa ujumla kimo cha tairi jipya kisizidi wala kisipungue kile cha kiwandani kwa zaidi ya asilimia 3. Ukivuka hapo, kipimo cha spidi na cha kilomita vinapotoka, injini inahisi nzito mlimani kwa kuwa gia zimekuwa ndefu, na mfumo wa ABS (breki zinazozuia tairi kujifunga) unapokea hesabu ambazo haukuandaliwa kwazo. Prado ya 265/65R17 ina kimo cha milimita 776. Ukiweka 265/70R17 unafika 803, ongezeko la asilimia 3.4. Dashibodi ikisoma 80, tairi jipya linakupeleka karibu 83 kama kipimo kilikuwa sahihi mwanzo. Magari mengi hutoka kiwandani yakisoma juu kidogo ya spidi halisi, kwa hiyo tofauti hiyo hujificha, lakini ipo. Kwa anayepanda milima ya Kasulu na Manyovu akiwa na mzigo, uzito wa gia atausikia kabla ya kitu kingine.

Kosa ninalolipinga kwa nguvu zaidi ni lile la upande wa pili: kuongeza rimu na kupunguza ubavu. Ukitoa 195/65R15 ukaweka 215/45R17 kwenye spoti rimu, kimo kinabaki karibu palepale (milimita 625), lakini ubavu umeshuka kutoka milimita 127 hadi 97. Umepoteza sentimita tatu za mpira na upepo zilizokuwa zinameza kishindo. Lami inaongezeka huku kila mwaka, ila njia za Buhigwe na Kakonko, na zile zinazoingia kwenye mashamba ya tumbaku ya Urambo na Sikonge, bado zina changarawe na mashimo yenye kingo kali. Tairi la ubavu mfupi likitumbukia shimoni, ukingo wa rimu unaubana mpira kwenye ukingo wa shimo. Nyuzi za ndani ya ubavu zinakatika, halafu baada ya siku chache unaona uvimbe pembeni mwa tairi. Uvimbe huo hauzibwi na fundi yeyote. Hapo hewa inashikiliwa na utando mwembamba wa mpira peke yake. Tairi hilo litolewe siku hiyohiyo. Na rimu ya aloi iliyopinda au kupata ufa itavujisha upepo taratibu hata ukibadilisha tairi mara tatu.

Ushauri wangu kwa saluni au gari dogo la Kigoma na Tabora ni kubaki na rimu ya kiwandani na saizi ya kiwandani, au kupanda hatua moja ya upana na ubavu ndani ya ile asilimia 3. Ukipanda, jaribu mambo mawili kabla ya kuondoka gereji. Zungusha usukani hadi mwisho kushoto na kulia, gari likiwa linatembea taratibu mbele na nyuma, na usikilize kama tairi linagusa plastiki ya madigadi au mkono wa chini. Kisha kalisha watu nyuma na urudie, maana tairi linaloponea gari likiwa tupu linaweza kusugua likiwa limejaa. Upana wa rimu nao una mipaka: 205/65R15 inakaa vizuri kwenye rimu ya upana wa kuanzia inchi 5.5 hadi 7.5. Namba hiyo imegongwa kwenye rimu yenyewe, kwa mfano 15x6J.

Saizi ya kiwandani usiisome kwenye tairi ulilonalo, kwa sababu mwenye gari wa kwanza huenda alishabadilisha. Fungua mlango wa dereva, angalia kwenye nguzo. Gari la Japani lina stika yenye saizi na upepo, na hata kama maandishi ni ya Kijapani, namba zinasomeka. Upepo umeandikwa kwa kPa: 220 ni PSI 32, 240 ni PSI 35.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naliona ni zito kuliko saizi, na ndilo linaloua watu. Baada ya saizi kuna namba na herufi, mfano 91H. Herufi ni ukomo wa spidi kwa kilomita kwa saa (S ni 180, T ni 190, H ni 210), na kwa barabara zetu yoyote kati ya hizo inatosha. Namba ni uzito ambao tairi moja linaruhusiwa kubeba. 91 ni kilo 615. 95 ni kilo 690. 106 ni kilo 950.

Hiace ya abiria hutoka na tairi la aina ya 195R15C au 195/80R15 LT, lenye namba 106 au 107. Herufi C au LT inamaanisha limejengwa kwa gari la mzigo, lina nyuzi imara zaidi na linahitaji upepo mwingi. Mwenye Hiace akienda dukani akasema tu "195 ya rimu 15", anaweza kuuziwa 195/65R15 91H, tairi la saluni. Linaingia kwenye rimu bila shida na bei yake ni nafuu zaidi. Piga hesabu: 615 mara nne ni kilo 2,460. Hiace tupu inakaribia tani mbili. Weka abiria 14 wa kilo 70 kila mmoja, hiyo ni kilo 980, bado mizigo ya kwenye keria. Umevuka uwezo wa tairi kwa mamia ya kilo, na sehemu kubwa ya uzito imekaa nyuma. Ubavu unajikunja kupita kiasi kila mzunguko, unazalisha joto, joto linaachanisha tabaka za ndani, na tairi linapasuka gari likiwa kwenye mwendo mrefu, mara nyingi mchana wa jua kali. Dereva atasema tairi lilikuwa jipya, na ni kweli. Halikuwa la gari lile.

Tairi la namba kubwa kuliko stika halina ubaya. La namba ndogo usilichukue hata kwa punguzo.

Kuhusu aina ya kashata (vitofali vya mpira vinavyogusa barabara), mwenye Hilux, Prado au Land Cruiser ana chaguo tatu: H/T ya lami, A/T ya mchanganyiko, M/T ya matope. Kwa mtu anayeishi mjini Tabora na kutoka nje mara mojamoja, H/T nzuri inatosha. Kwa anayeshinda Uvinza, Kaliua au Kibondo, chagua A/T, na ukiweza pata iliyoandikwa LT, kwa sababu changarawe kali hutoboa na kuchana mpira laini. M/T inafaa kwa udongo mweusi wa mbugani wakati wa masika, lakini kwenye lami iliyolowa inashika vibaya zaidi, inapiga kelele na inakula mafuta. Watu wengi huinunua kwa sura yake. Ninaamini kwa asilimia kubwa ya magari ya huku, kubadilisha aina ya tairi bila kugusa saizi kunaleta tofauti kubwa kuliko kubadilisha saizi.

Kisha umri. Ubavuni kuna neno DOT na mwishoni tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira hukauka hata tairi likikaa stoo, na jua na joto vinaharakisha. Tairi likifika miaka mitano tangu litengenezwe, likaguliwe kila mwaka; miaka kumi ndiyo mwisho hata kama kashata zimejaa. Kwa mtumba hili ndilo swali la kwanza, kabla ya bei. Tairi la mtumba litolewe kwenye rimu uone ndani. Ukikuta unga mweusi wa mpira au mstari uliosagika kuzunguka ubavu kwa ndani, tairi hilo limewahi kuendeshwa bila upepo na nyuzi zake zimekwisha. Kiraka cha ubavuni, likatae. Nyufa nyembamba kwenye mizizi ya kashata, likatae. Angalia pia kama mifereji imechongwa upya kwa kisu cha moto: kingo zake huwa na makovu na kina hakilingani. Tairi la gari dogo halina mpira wa ziada wa kuchongwa. Kinachobaki chini ya mfereji huo ni waya.

Tairi jipya la gari dogo huwa na kina cha karibu milimita 8. Ndani ya mifereji kuna vijivimbe vidogo, alama ya TWI ubavuni inakuonyesha vilipo. Kashata zikilingana navyo umebakiwa na milimita 1.6 na tairi limeisha. Mimi ningebadilisha kwenye 3, hasa kabla ya mvua za Novemba, kwa kuwa chini ya hapo mifereji haisukumi maji ya kutosha na gari linaelea.

Ukinunua mawili tu, funga mapya nyuma, hata kama gari linavutwa na tairi za mbele. Wengi wanafanya kinyume. Tairi za mbele zikiteleza, gari linanyooka na ukipunguza mwendo linarudi. Za nyuma zikiteleza, gari linageuka lenyewe na dereva wengi hawawezi kulirudisha. Gari linalosukumwa na tairi zote nne muda wote, kama Subaru Forester, halitaki tofauti hiyo kabisa. Subaru wanataka mzingo wa tairi zote nne usitofautiane zaidi ya robo inchi, ambayo ni kama milimita moja tu ya kina cha kashata. Ukivuka hapo, difu ya katikati inazunguka bila kupumzika, inachemka, na gharama ya giaboksi itazidi bei ya matairi manne.

Siku ya kufunga, valvu ziwe mpya, balansi ifanyike, na alaimenti ipimwe, hasa kama tairi zilizotoka zimelika upande mmoja. Usikubali tyubu iingizwe kwenye tairi la tyublesi kuficha rimu mbovu: inasuguana na ubavu, inapata joto, na ikipasuka upepo wote unatoka kwa mara moja. Nati zikazwe kwa mkingamo, na zirudiwe kukazwa baada ya kilomita 50 hadi 100.

Upepo upimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Ukisimama Urambo baada ya mwendo na kipimo kikaonyesha PSI 37 badala ya 32, usipunguze; hilo ni joto, na kesho asubuhi utakuwa chini ya kiwango. Kwenye kichanga kirefu unaweza kushusha hadi PSI 20, uende chini ya kilomita 30 kwa saa, kisha ujaze tena kabla ya kurudi kwenye lami. Bila pampu ndani ya gari usishushe.

Na ukishabadilisha saizi ya tairi nne, kumbuka spea. Ile ya zamani ina kimo kingine. Kwenye saluni inakufikisha gereji ya karibu ukienda polepole, na ni afadhali ikae kwenye ekseli isiyovuta. Kwenye gari la 4WD ya muda wote, nunua tano.