Albamu ya kurudiana: maana yake, kwa mfano wa Os Mutantes wa Brazil

Bendi ikivunjika, wanamuziki wakatawanyika miaka mingi, kisha wakaingia tena studio na kutoa nyimbo mpya kwa jina lao la zamani, kazi hiyo ndiyo albamu ya kurudiana. Bendi iwe ilivunjika kweli, awemo walau mmoja wa wale wa mwanzo, na nyimbo ziwe mpya. Hilo la mwisho ndilo linalowachanganya wanunuzi.

Os Mutantes wa São Paulo wanafaa sana kwa somo hili. Walianza 1966: ndugu wawili, Arnaldo Baptista na Sérgio Dias, pamoja na mwimbaji Rita Lee. Rita Lee alipoondoka 1972, bendi ikazama kwenye roki ya progresivu, yaani nyimbo ndefu zenye vipande vinavyobadilika mwendo katikati, kinanda kikipewa nafasi sawa na gitaa la solo. Mwaka 1973 wakarekodi O A e o Z. Kampuni yao ikakataa kuitoa, na haikutoka mpaka 1992. Kwa kuwa bendi ilivunjika 1978, anayeona 1992 kwenye jalada hudhani wamerudiana. Hapana, hiyo ni rekodi iliyokaa kabatini, sawa na Tecnicolor, iliyorekodiwa Paris 1970 ikatoka 2000.

Kosa hutoka kwenye ile herufi P ndani ya duara nyuma ya jalada. Mwaka ulio kando yake ni wa rekodi kutolewa kwa mara ya kwanza, si wa kurekodiwa. Tarehe ya studio tafuta kwenye maelezo ya ndani, pale yanapoandikwa majina ya wapigaji na fundi mitambo. Majina hayo yasome yote: mpiga besi au mpiga dramu akibadilika, mwendo wa bendi nzima hubadilika, hata kama mwimbaji ni yuleyule.

Mei 2006 Arnaldo, Sérgio na mpiga dramu wao wa zamani, Dinho Leme, walipanda jukwaani ukumbi wa Barbican, London, Zélia Duncan akishika nafasi ya Rita Lee. Onyesho lile likatolewa kama albamu. Watu wamerudiana kweli, ila nyimbo ni zilezile. Iite rekodi ya onyesho.

Albamu yenyewe ya kurudiana ni Haih or Amortecedor ya 2009, ya kwanza ya studio tangu Tudo Foi Feito pelo Sol ya 1974. Miaka 35! Arnaldo na Zélia walikuwa wameshajitoa, wakabaki Sérgio na Dinho na vijana wapya. Amortecedor kwa Kireno ni shokapu ya gari. Nyimbo nyingi Sérgio alizitunga pamoja na Tom Zé, mkongwe mwenzao wa Tropicália, lile vuguvugu la muziki la Brazil la mwisho wa miaka ya sitini, na kwa maoni yetu hilo ndilo lililoiokoa: kalamu ni ya mtu aliyekuwepo tangu mwanzo. Anayetafuta progresivu ya 1974 asiitarajie hapa. Albamu hii imeegemea zaidi miaka ya sitini.

Albamu za namna hii huharibika kwa sababu zinazojulikana. Ya kwanza ni sauti. Umri unaposhusha koo, wimbo wa ufunguo wa E hushushwa hadi D. Gitaa likibaki na tyuningi ileile, yaani nyuzi zikazwe vilevile, nyuzi za chini zilizokuwa zikivuma wazi sasa lazima zibanwe au ziachwe, na ule mvumo hukauka. Dawa ni kulegeza nyuzi zote sita kwa toni nzima, vidole vibaki palepale vilipozoea. Ukitumia nyuzi nene kidogo hazitapwaya.

Ya pili ni klik, ule mlio wa kuhesabu mapigo, masikioni mwa mpiga dramu. Wimbo wa progresivu huvuta pumzi kabla ya kuingia kipande kipya, na klik yenye mwendo mmoja huikata pumzi hiyo. Ama ipangiwe mwendo wake kila kipande, ama izimwe. Mwishoni huja fundi anayepandisha sauti ya kila kitu kwenye masta, yaani nakala ya mwisho ya rekodi: kipande cha gitaa kavu kikawa sawa na cha bendi nzima, na mlipuko uliosubiriwa dakika nne usisikike kama mlipuko.