Umbo Kabla ya Mng'aro: Kuchonga Njia za Hewa za Hedi Nyumbani

Hedi nyingi za alumini, yaani vile vichwa vya injini vinavyofunika silinda na kubeba valvu, zinazofika katika karakana yangu hapa Malindi, baada ya wenyewe kuzifanyia kazi nyumbani, huwa zinang'aa kama sufuria iliyotoka dukani. Mwenye gari amemaliza jioni kadhaa akisugua kwa msasa, na sasa anataka kujua kwa nini injini haikuongeza nguvu, au kwa nini gari limekuwa zito linapoondoka. Ninapochungulia ndani kwa tochi, karibu kila mara nakuta jambo moja: amepanua na kulainisha sehemu iliyo karibu na manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), ambayo vidole vinaifikia bila taabu, na sehemu inayozuia hewa kweli, iliyojificha nyuma ya valvu, imebaki kama ilivyotoka kiwandani.

Ifuate hewa hatua kwa hatua utaona kosa liko wapi. Inatoka kwenye manifoldi, inaingia kwenye njia ya hewa iliyonyooka na yenye upana wa kutosha, kisha inalazimika kupinda kwa ghafla kuelekea kwenye silinda, ikipita kando ya bushi inayoongoza shina la valvu, halafu inabanwa kwenye koo lililo chini ya kiti cha valvu, na mwisho inapenya kwenye mwanya mwembamba kati ya valvu na kiti chake. Sentimita mbili au tatu za mwisho ndizo zinazoamua kiasi cha hewa kitakachoingia. Ukipanua lango la mbele ilhali koo limebaki lilivyokuwa, umetoa alumini tu.

Anayelijua daraja la Sabaki, kaskazini mwa mji wetu, amewahi kuona jinsi mto unavyopinda: maji mengi hukimbilia ukingo wa nje, na upande wa ndani wa mpindo hubaki na maji yanayozungukazunguka pamoja na fungu la mchanga. Hewa nayo haipendi kona kali. Pale sakafu ya njia inapopinda kushuka kwenye kiti cha valvu, mkondo hubanduka kwenye ukuta na kufanya mizunguko, na mizunguko hiyo huziba sehemu ya njia kana kwamba pana kitu kimekaa hapo. Kwa sababu hiyo mpindo huu wa ndani unahitaji kuviringishwa taratibu ili hewa iufuate, na haufai kuchimbwa kwenda chini, kwani ukiichimba sakafu unaifanya kona iwe kali zaidi. Ni sehemu ngumu kuifikia na rahisi kuiharibu. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kuondoa ncha kali peke yake, kisha aiache.

Kazi yenye faida kubwa kwa mtu wa nyumbani iko kwenye koo. Pete ya chuma ya kiti cha valvu ilipochomekwa kiwandani, mashine ilikata duara chini yake, na mara nyingi mahali ukataji huo unapokutana na alumini iliyomiminwa hubaki kizingiti kinachohisika kwa ukucha. Kizingiti hicho kiondolewe, na pete iungane na ukuta kwa mteremko mmoja usio na daraja. Halafu ipunguzwe nundu ya alumini inayoizunguka bushi ya valvu, ichongwe kama mkuku wa jahazi, nyembamba mbele na nyuma, bila kuifupisha bushi yenyewe kwa sababu ndiyo inayolishikilia shina lisiyumbe. Kipimo ninachokifuata ni koo lenye kipenyo cha asilimia 85 hadi 90 ya kipenyo cha valvu. Kwa valvu ya milimita 30 hiyo ni kati ya milimita 25.5 na 27. Ukizidisha hapo, kiti kinakosa nyama ya kukishikilia. Kama una fedha za kulipia jambo moja tu, mpelekee fundi wa mashine akukatie viti kwa pembe tatu, digrii 30 juu, 45 pale valvu inapokalia, na 60 chini, kwani hilo hulainisha mapito ya hewa kuliko msasa wa wiki nzima.

Kuhusu ukubwa wa njia yenyewe, nililipia somo hilo kwa gari langu mwenyewe, Corolla yenye injini ya 4A-FE. Nilichukua gasketi ya manifoldi, nikaipanua njia hadi ilingane na tundu la gasketi, nikaendelea na upana huohuo hadi ndani. Injini ilipozunguka kwa kasi ilipumua vizuri, lakini mjini, katika kuondoka na kusimama kati ya tuktuk na mikokoteni, ilikuwa imelegea, na ilinibidi nishushe gia mahali ambapo hapo awali sikuwa na haja. Sababu yake ni kwamba hewa ina uzito, na ikikimbia kwa kasi kwenye njia nyembamba huendelea kusukumana kuingia silindani hata baada ya pistoni kufika chini na kuanza kupanda. Ukiipanua njia, kasi hushuka, msukumo huo hupungua, na katika mizunguko ya chini silinda haijai. Alumini iliyokwisha kukatwa hairudi, kwa hiyo nililazimika kutafuta hedi nyingine.

Kwa gasketi, basi, fanya hivi: paka wino wa buluu kwenye uso wa hedi, weka gasketi mahali pake, chora mpaka kwa msumari uliochongoka, kisha ondoa ile midomo tu inayojitokeza mbele ya mkondo. Upande wa hewa, tundu la manifoldi likiwa dogo kidogo kuliko la hedi hakuna ubaya mkubwa. Upande wa moshi, bomba likiwa pana kidogo kuliko njia ya hedi ni vizuri, kwa sababu daraja hilo huuzuia moshi usirudi nyuma.

Sasa nifikie mng'aro, jambo ambalo wateja hulipenda kuliko yote. Kwenye injini ya kabureta, na hata ile inayonyunyiziwa petroli karibu na valvu, matone ya petroli hugusa kuta za njia ya hewa. Ukuta unaong'aa kama kioo huyaacha yatiririke kama mchirizi, ilhali ukuta wenye mikwaruzo midogo huyasaidia kurudi kwenye mkondo. Mimi huishia na msasa namba 80 upande wa hewa, na simshauri mtu aende mbali zaidi. Upande wa moshi unaweza kung'arishwa upendavyo, kwani masizi hushika kwa shida zaidi kwenye uso laini, ingawa nguvu inayoongezeka ni ndogo.

Chumba cha mwako kinataka uangalifu mkubwa kuliko vyote. Ncha kali zinazobaki humo huwa nyekundu kwa joto na huweza kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati wake, kwa hiyo kuziviringisha ni kazi yenye maana. Lakini kila chembe unayoitoa huongeza ujazo wa chumba na kupunguza mgandamizo. Chukua 4A-FE hiyohiyo: kila silinda ina takriban sentimita za ujazo 397, na kwa mgandamizo wa 9.5 kwa 1, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu ni kama 46.7. Ukiongeza 2 tu, mgandamizo hushuka hadi karibu 9.15. Ubaya zaidi ni vyumba vinne kutofautiana. Vipime: funga valvu na plagi, lalisha hedi sawasawa, funika chumba kwa kipande cha plastiki angavu chenye tundu dogo, ukizibe kwa grisi pembeni, kisha jaza mafuta ya taa kwa sirinji ukihesabu. Chumba kikubwa kuliko vyote ndicho kipimo. Vingine vitatu huongezwa taratibu hadi vilingane nacho. Sisi watu wa pwani tuna sababu nyingine ya kuwa waangalifu: kanieneo la hewa Nairobi ni pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko letu, na injini iliyorekebishwa kule ikaenda kimya inaweza kuanza kunoki, yaani kugonga kwa mlipuko usio wa kawaida ndani ya silinda, ikifika hapa, kwa sababu silinda inajaa zaidi.

Vifaa ni grainda ndogo ya mkono, vichongeo vya kabaidi vyenye meno mapana yaliyotengenezwa kwa ajili ya kuchonga alumini, na mishumaa. Alumini hujaza meno upesi, na nta ya mshumaa huizuia isigande. Vaa miwani na barakoa, na usifanye kazi uani wakati wa kusi, kwani upepo huleta mchanga na chumvi. Acha valvu kuukuu kwenye viti ili kichongeo kikiteleza kisiviharibu. Kumbuka kuwa nyuma ya ukuta kuna maji ya kupozea, na unene wake huujui. Ondoa kidogo, pima, kisha urudi.

Nani atakuambia kama umefaulu? Mashine za kupimia mkondo ni ghali, lakini kifyonzavumbi na mrija wa U wenye maji hutosha kulinganisha. Vuta hewa kutoka upande wa silinda, shikilia valvu ikiwa wazi kwa milimita 2, kisha 4, kisha 6, na uandike tofauti ya kimo cha maji kila mara. Maji yakitofautiana kidogo, hewa inapita zaidi. Kwa kuwa umeme wetu hupanda na kushuka, acha njia moja bila kuguswa hadi mwisho na uipime tena kila unapopima nyingine.

Kabla ya kufunga, osha hedi kwa maji ya moto na sabuni, puliza kila tundu kwa kompresa, kausha na upake mafuta mepesi siku hiyohiyo. Chembe ya msasa ikishuka kwenye beringi itamaliza injini nzima. Saga valvu kwenye viti vyake, weka sili mpya za mashina, kisha mimina mafuta ya taa ndani ya njia na usubiri dakika kumi. Chumba kikilowa, valvu haijakaa. Kagua uso wa hedi kwa rula ya chuma, weka gasketi mpya, na kaza boliti kutoka katikati kwenda nje kwa hatua na kwa vipimo vya mtengenezaji. Kwa kabureta, huenda jeti, vile vitundu vinavyopitisha petroli, zikahitaji kuongezwa ukubwa. Ukishawasha na kuirekebisha, nenda Gede na urudi kwa mwendo wa kawaida, kisha fungua plagi zote nne uzipange mezani kwa mfuatano wa silinda, uone kama rangi zake zinafanana.