Kinachosogea ni Dirisha, Si Maandishi

Vijana wengi wanaojifunza kuandika programu hapa Chake Chake huamini kwamba, katika programu ya maandishi matupu, orodha ndefu inaposogezwa kila mstari hubebwa na kuwekwa mahali papya. Sivyo. Tuchukue orodha ya wakulima 300 wa karafuu kwenye skrini ya mistari 24: kwa maktaba ya ncurses (mkusanyiko wa amri za kuchora skrini ya maandishi), amri ya newpad hutenga katika kumbukumbu ubao wa mistari yote 300, unaoandikwa mara moja tu, kisha amri ya prefresh huelezwa ianzie mstari upi wa ubao na ionyeshe katika eneo lipi la skrini. Mshale wa chini unapobonyezwa, kinachobadilika ni namba ya mstari wa kuanzia, kama vile abiria wa daladala ya Wete anavyoona mikarafuu ikipita dirishani ilhali yenyewe imesimama palepale. Namba hiyo isishuke chini ya 0 wala isizidi 276, yaani 300 kutoa 24.

Kosa jengine, ambalo naliona zito zaidi kwa sababu humchanganya mtumiaji, ni kudhani kwamba kisanduku cha ujumbe kikiondolewa, kilichofunikwa hurudi chenyewe. Amri ya delwin, inayotumika kukiondoa, huachia kumbukumbu tu. Sura ya kisanduku hubaki kwenye skrini mpaka prefresh iitwe tena. Kilichofunikwa kikiwa ni dirisha la kawaida, si ubao, hutangulia touchwin, inayolitia alama kuwa limebadilika, kisha wrefresh, inayolichora tena, kwani bila ya hivyo maktaba huona hakuna kilichobadilika.