Je, wajua? Eneo la vipande vya duara kwenye kona za pembetatu halihitaji pembe

Chukua kiwanja cha pembetatu chenye uzio. Ndani yake, kila kona amefungwa mbuzi kwa kamba ya mita 7. Mbuzi hula urefu wa kamba yake, kwa hiyo kila mmoja anamaliza majani ya kipande cha duara chenye ncha pale konani. Tukivitia kivuli vipande hivyo vitatu kwenye mchoro, jumla ya eneo lake ni ngapi? Pembe hatukupewa hata moja.

Jibu ni mita za mraba 77, kwa pai ya 22/7.

Nilipokuwa shule nililipata jibu hilo kwa njia isiyo sahihi, na nikapata vema. Mchoro ulifanana na pembetatu ya pande sawa, nikaandika nyuzi 60 kila kona. Duara zima ni 22/7 × 7 × 7, yaani 154. Nyuzi 60 ni sehemu ya sita ya duara, na sehemu tatu za namna hiyo ni nusu. Lakini swali halikusema popote kwamba pande ni sawa. Kosa lililozaa jibu sahihi ni gumu kuling'oa: kwa miaka niliamini kuwa pembetatu ya umbo jingine ingekuwa na jibu jingine, na kwamba bila pembe swali halifanyiki. Tumekariri kanuni ya pembe gawanya kwa 360, zidisha kwa eneo la duara. Kanuni inadai pembe, nasi tusipopewa tunaibuni.

Sasa jaribu nyuzi 100, 50 na 30. Vipande vinakuwa takriban 42.78, 21.39 na 12.83. Jumlisha: 77 ile ile!

Kwa nini? Kata pembetatu ya karatasi, yoyote. Weka bikari kwenye kila kona bila kubadili upana wake, chora tao, kisha kata kona zote tatu kwa mkasi. Zipange ncha kwa ncha, ubavu kwa ubavu, kama unayerudishia vipande vya chapati kwenye sahani. Pembe za pembetatu zina jumla ya nyuzi 180, kwa hiyo upande wa chini unanyooka kama rula. Matao nayo yanaungana bila kuachana, kwa kuwa bikari ilikuwa ile ile. Mbele yako pana nusu chapati. Kona moja ikinenepa, nyingine zinakonda kwa kiasi hicho hicho.

Masharti yapo. Kamba ziwe sawa, na kila upande usipungue mita 14, la sivyo malisho yanaingiliana. Kiwanja kikibanwa sana, kamba ya kona pana huvuka uzio wa mbele yake na hesabu inaharibika.

Kwenye kiwanja cha pembe nne, nyuzi ni 360: malisho yasipoingiliana wala kuvuka uzio, mbuzi wanne wanakula duara zima, 154, hata kama kona moja imeingia ndani kama mkia wa mshale.