Je, wajua mafuta ya mwili huweza kubana mishipa ya fahamu ndani ya uti wa mgongo?

Mtu mnene akisema mgongo unamuuma, mara nyingi huambiwa ni uzito tu, pingili zimeelemewa. Huenda ikawa kweli. Lakini wapo ambao shida yao ni mafuta yaliyorundikana ndani kabisa, kwenye mfereji wa uti wa mgongo.

Kila mmoja wetu ana mafuta kidogo humo. Ni kama mto laini unaozunguka kifuko chenye mishipa ya fahamu. Yakizidi, kwa unene au kwa kutumia dawa za steroidi muda mrefu, mfereji hautanuki, maana kuta zake nyingi ni mfupa. Kinachominywa ni kifuko. Mgonjwa akitembea kidogo miguu hufa ganzi. Akiketi au kuinama hupata nafuu.

Eksirei haiyaoni mafuta hayo. Kazi yake ni mifupa, na kwa mtu mnene hata mifupa hutoka na ukungu kwa sababu mwili hutawanya miale mingi. Kipimo chenye jibu ni MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku. Katika picha zake ziitwazo T1, mafuta hung'aa meupe, na maji yanayozunguka mishipa huwa meusi. Ila damu iliyovuja nayo huweza kung'aa, kwa hiyo hupigwa picha nyingine inayozima mng'ao wa mafuta. Weupe ule ukigeuka mweusi, ni mafuta. Hilo hunivutia sana: kitu kimetambuliwa bila kisu wala sindano!

Tena kuna alama yake. Kifuko kimeshikizwa na nyuzi sehemu chache, hivyo mafuta yakikisukuma hujikunja pale kilipo huru. Kile kilichokuwa mviringo huonekana kama herufi Y.

Kikwazo ni mashine yenyewe. Tundu anamoingizwa mgonjwa, kwa mashine nyingi, lina upana wa sentimita 60, za kisasa 70, na kitanda kina kikomo cha uzito. Mgonjwa aulizwe mapema, faraghani. Kurudishwa nyumbani mbele ya watu kunaumiza kuliko mgongo.

Wapo waliopungua uzito na mafuta hayo yakapungua, mishipa ikapata nafasi. Anayetumia steroidi asiziache ghafla bila daktari. Na mkojo ukigoma au ukijitokea wenyewe, au ganzi ikishika sehemu za siri, ni hospitali siku hiyohiyo.