Pwani ya Meksiko si shamba la bibi

Wiki iliyopita simu iliita sijamaliza uji. Mtu wa nyumbani, anaishi Dallas, namba yangu kapewa na shemeji yake. Salamu hazijapoa akaanza: "Dada, nimepata kiwanja Nayarit, hatua chache tu kutoka baharini, bei ya gari la Passo kuukuu. Ila nasikia mgeni hamiliki ardhi pwani, kwa hiyo tunaandika jina la fundi wetu. Kijana mwaminifu sana." Nikaweka kijiko chini.

Kazi yangu ni kuwasaidia wageni kuhamia huku Bahía de Banderas, jimboni Nayarit, pwani ya Pasifiki ya Meksiko: vibali, nyumba, mikataba, bili. Mimi wa Tanga, mume wangu wa hapahapa, na huu ni mwaka wa kumi na moja. Wateja wangu wengi ni Wamarekani na Wakanada waliostaafu, ila siku hizi wanaongezeka ndugu zetu wa Houston, Minneapolis na Toronto waliochoka baridi. Wote wanakuja na maneno yaleyale, utadhani wamesoma darasa moja. Leo nayaandika, ili kesho nikiulizwa nitume hiki na kumaliza uji wangu.

"Mgeni hamiliki nyumba pwani, kwa hiyo azima jina la mwenyeji"

Hii ndiyo inayonipandisha presha kuliko zote, kwa sababu nusu yake ni kweli. Kifungu cha 27 cha Katiba ya 1917 kinamkataza mgeni kumiliki moja kwa moja ardhi iliyo ndani ya kilomita 50 kutoka pwani, au kilomita 100 kutoka mpakani. Watu wakifika hapo wanafunga kitabu na kwenda kutafuta jina la kuazima.

Wangesoma mbele kidogo wangekuta fideicomiso. Kwa Sheria ya Uwekezaji wa Kigeni ya 1993, benki inashika hati kwa niaba yako, kwa kibali cha Wizara ya Mambo ya Nje, kwa miaka 50, na muda ukiisha unauhuisha. Mnufaika ni wewe. Unakaa, unapangisha, unauza, unavunja jiko na kulijenga upya ukishapata kibali cha manispaa. Ndani ya mkataba unaandika nani atachukua nafasi yako ukifa, naye hapitii mlolongo wa mirathi mahakamani. Benki hailali kitandani kwako. Hata ikifilisika, nyumba yako haihesabiwi kwenye mali zake. Unalipa gharama za kuifungua, kisha ada ya kila mwaka, mamia kadhaa ya dola.

Wakenya huniambia, "Aah, ni ile lease ya miaka 99 ya wageni." Siyo. Ukikodi, ardhi ina mwenyewe anayesubiri muda uishe arudishiwe. Hapa hakuna anayesubiri. Watanzania nao wananiuliza kama lazima wajiandikishe kuwa wawekezaji, kwa kuwa kwetu mgeni hapewi ardhi ila kwa uwekezaji. Hapana. Kutaka nyumba ya kuishi na mkeo kunatosha.

Sasa turudi kwa yule fundi mwaminifu. Wenyeji humwita prestanombre, mkopesha jina. Ukimwandika yeye, kisheria nyumba ni yake. Akidaiwa, inakamatwa. Akiachana na mke, inagawanywa. Akifa, watoto wake, ambao hujawahi hata kuwanunulia soda, ndio warithi. Nawe huwezi kusimama mbele ya hakimu ukasema, "Tulishirikiana kuikwepa Katiba, naomba haki yangu." Nimeona urafiki wa miaka ishirini ukiishia kwenye kufuli lililobadilishwa.

Na ile bei ya Passo? Hapo karibu kila mara kuna neno ejido.

Mwaka juzi alinijia mzee wa kwetu, aliyestaafu udereva wa malori Marekani, ameshika mfuko wa nailoni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Kiwanja nimeshanunua. Nataka unisaidie kuvuta umeme tu."

Akatoa karatasi, akaikunjua mezani kwa viganja viwili, taratibu, kama mtu anayenyoosha kanga kabla ya kuipiga pasi. Ilikuwa karatasi ya kuvutia: mihuri miwili ya zambarau, sahihi tatu, dole gumba, na ramani iliyochorwa kwa rula. Juu imeandikwa cesión de derechos, yaani kuachiana haki. Nikatafuta namba ya usajili ya Masjala ya Umma ya Mali. Hakuna. Nikaigeuza nyuma. Hakuna. Chini, kwa herufi za kuchungulia, jina la ejido.

Mtanzania yeyote angeelewa haraka akiambiwa ni kitu kinachokaribiana na ardhi ya kijiji. Ejido ni ardhi ya jumuiya, zao la mapinduzi ya 1910, na wanajumuiya wana haki ya kuitumia. Tangu marekebisho ya 1992 inaweza kugeuzwa kuwa mali binafsi, lakini kwa hatua zake: mkutano mkuu wa wanajumuiya uridhie, masjala ya ardhi za kilimo itoe hati, hati hiyo isajiliwe upya kwenye Masjala ya Umma. Kabla ya hapo mgeni hawezi kuinunua, na hakuna benki itakayokufungulia fideicomiso juu yake. Ukipenda, sheria inaruhusu kukodi ardhi ya ejido hadi miaka 30. Basi kodi, na ujue umekodi.

Nilimweleza mzee polepole. Hakubisha. Aliikunja karatasi kwa mikunjo ileile, akairudisha mfukoni, akauliza kama nina maji ya kunywa. Alichonunua kilikuwa neno la mwanajumuiya mmoja, na mkutano wa ejido haukuwa na habari. Baada ya miezi ya nenda rudi alirudishiwa sehemu ya pesa, na hiyo ni kwa sababu muuzaji aliona haya. Siku hizi amepanga vyumba viwili Bucerías, na ukimtafuta jioni utamkuta anacheza domino na wavuvi.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata senti ya amana, dai escritura, yaani hati iliyosajiliwa. Dai pia cheti cha kuonyesha mali haina deni wala zuio, cha karibuni, siyo cha mwaka jana. Na weka wakili wako mwenyewe. Utaambiwa, "Notario yupo, wakili wa nini?" Notario wa huku si wakili wa kugonga muhuri wa kiapo kama tuliyemzoea. Ni mwanasheria mzito aliyeteuliwa na serikali ya jimbo, anayethibitisha mauziano na kukusanya kodi zake. Lakini hasimami upande wako wala wa muuzaji. Anayesimama upande wako ni yule unayemlipa wewe.

Mtu wa Dallas alinisikiliza hadi mwisho, halafu akasema, "Lakini dada, huyu kijana ni mlokole."

"Nyumba ya mstari wa kwanza ina ufukwe wake"

Fukwe zote za Meksiko ni mali ya umma. Juu ya hapo, mita 20 za nchi kavu kuanzia pale maji yanapofika yakijaa ni ukanda wa shirikisho. Huweki hata kibanda bila kibali maalumu. Mwaka 2020 waliweka faini kwa anayezuia watu kupita kwenda ufukweni. Mteja wangu mmoja, Mkanada, alifunga kamba mbele ya nyumba yake wakati wa Pasaka. Hadi saa sita mchana kamba ilikuwa imeanikwa nguo za kuogelea za familia tatu kutoka Guadalajara. Nilicheka, samahani.

"Siku 180 ni haki yangu, zikiisha natoka na kurudi"

Siku 180 za mgeni anayekuja kutembea ni kikomo. Zawadi haijaahidiwa mtu. Ofisa wa uwanja wa ndege ndiye anayeamua, na akiandika 30, ni 30. Haziongezwi ukiwa ndani. Wanaotoka na kurudi mwaka hadi mwaka wanakutana siku moja na ofisa aliyeamka vibaya. Anayetaka kuishi aombe ukaazi wa muda kwenye ubalozi au konseli ya Meksiko nje ya nchi, aonyeshe kipato au akiba, na akishaingia awahi ofisi ya uhamiaji ndani ya siku 30 kubadilisha viza kuwa kadi. Kadi ya kwanza ni ya mwaka mmoja, jumla yake miaka minne, kisha ukaazi wa kudumu. Wenye ndoa na raia, kama mimi, wana njia yao ya kuomba wakiwa ndani. Kwa walio nyumbani, ubalozi uko Nairobi. Mwenye viza hai ya Marekani anaweza kuja kutembea bila viza ya Meksiko, kutembea tu.

"Umeme wa huku ni bei chee"

Ni bei chee mpaka siku utakaposahau kiyoyozi. Shirika la umeme, CFE, linatoa ruzuku kwa matumizi ya nyumbani, na bili ya kawaida inakuja kila baada ya miezi miwili, kwa hiyo hakuna LUKU ya kukuzindua kwa kuzimika saa mbili usiku. Kila eneo lina kikomo kulingana na joto lake: penye ubaridi uniti 250 kwa mwezi, kwenye daraja la 1C uniti 850, penye joto la tanuri, 1F, uniti 2,500. Wastani wako wa miezi 12 ukivuka kikomo unahamishiwa DAC, daraja la watumiaji wakubwa, ruzuku inakatwa yote, na hutoki humo mpaka wastani ushuke tena. Nimemwona mtu analia kwa bili, na kosa lilikuwa pampu ya bwawa iliyowashwa mchana na usiku. Ukinunua nyumba, omba bili za mwaka mzima za aliyetangulia. Daraja limeandikwa palepale kwenye karatasi.

"Dawa zote unanunua tu dirishani"

Antibayotiki hapana, tangu Agosti 2010 lazima cheti cha daktari. Habari njema ni kwamba maduka mengi ya dawa yana chumba cha daktari ubavuni, kwa pesa kidogo sana. Nenda, hasa ukipata homa wakati wa mvua. Mbu wa dengi wa huku ni yuleyule aliyetusumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, anauma mchana, na hajali kama una bima. Ukihisi ni dengi, paracetamol ndiyo. Aspirini na ibuprofen acha, zinaongeza hatari ya kutoka damu. Na wastaafu wa Marekani: Medicare haiwafuati huku.

"Dada wa kazi ni mapatano yenu wawili"

Ni sheria. Aguinaldo, yaani bonasi ya mwisho wa mwaka isiyopungua mshahara wa siku 15, anapaswa kuwa nao mkononi kabla ya tarehe 20 Desemba. Akitimiza mwaka ana siku 12 za likizo zenye malipo, na unatakiwa kumwandikisha kwenye hifadhi ya jamii, IMSS. Wazungu wakiniuliza hili nawaeleza. Watu wa kwetu wakiniuliza wananiuliza kwa sauti ya chini, na mimi huwajibu kwa sauti ya juu.

"Kule weusi hakuna, tutashangaliwa"

Utatazamwa, ndiyo, na wapo watakaokuuliza kama wewe ni Mcuba. Lakini sensa ya 2020 ilihesabu zaidi ya watu milioni mbili na nusu waliojitambulisha kuwa na asili ya Kiafrika, na Katiba inawatambua tangu 2019. Shuka pwani ya Costa Chica, Guerrero na Oaxaca, ukafike Cuajinicuilapa, na utasalimiwa na sura za Pangani zinazozungumza Kihispania. Jimbo lenyewe la Guerrero limepewa jina la Vicente Guerrero, rais mwenye damu ya Kiafrika aliyefuta utumwa mwaka 1829. Mume wangu alisomeshwa vita vyake vyote shuleni. Rangi yake hakuambiwa.

"Saa ni ileile pwani nzima"

Siyo. Bahía de Banderas ilihamia saa za kati mwaka 2010 ili iende sambamba na Puerto Vallarta ng'ambo ya mto, lakini Nayarit iliyobaki iko nyuma saa moja. Ukitoka Sayulita kwenda Guayabitos, mwendo mfupi tu kwa gari, umerudi nyuma saa nzima, na simu yako inaweza isikuambie. Kwa wa kwetu kuna la ziada: nikikupa miadi ya saa nne asubuhi nina maana ya Kiswahili. Kijana mmoja aliyekulia Minnesota alinigongea mlango saa kumi alfajiri, nyaraka zote mkononi, kanyoa, kapiga tai. Nilimpa chai, tukasubiri ofisi zifunguliwe.