"Mwananchi Hali Katiba": Dhana Potofu Kuhusu Mpiga Kura wa Kenya na Mamlaka ya Rais

Wanasiasa wa Kenya hawapatani kwa mengi, lakini kuna neno moja ambalo hata wasiosalimiana hulikubali: mwananchi hali katiba. Mpe unga wa bei nafuu, mpe barabara, na mambo ya rais ana mamlaka kiasi gani atawaachia mawakili. Neno hili hurudi kila msimu wa siasa, na kila likirudi huja na ndugu zake. Nimeyakusanya hapa yale ninayoyasikia mara nyingi, na kila moja nimeliweka mbele ya historia.

"Mpiga kura anataka unga tu"

Hii ndiyo dhana kongwe kuliko zote. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1990, Rais Moi alipobanwa na waliodai mageuzi, aliuliza Wanjiku anajua nini kuhusu katiba. Jina hilo la mama wa kawaida lilikusudiwa kufunga mjadala. Badala yake Wakenya walilichukua, mchoraji Gado akampa Wanjiku sura katika katuni zake, na hadi leo "Wanjiku" ni jina la mwananchi mwenyewe.

Tume ya Profesa Yash Pal Ghai ilipozunguka nchi kukusanya maoni kuhusu katiba mpya mwanzoni mwa miaka ya 2000, Wanjiku alijitokeza. Hakuzungumzia mgawanyo wa mihimili ya dola. Alizungumzia shamba, chifu na askari wa polisi. Wako waliosikia hayo wakasema: mnaona, hana habari na mamlaka ya rais.

Tazama basi sheria ya wakati ule ilivyokuwa. Rais ndiye aliyekuwa na uwezo wa kugawa ardhi ya serikali. Tume ya Ndung'u, iliyowasilisha ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma, misitu ikiwemo, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Chifu naye hakuwa wa kijiji. Alikuwa pete ya mwisho katika mnyororo ulioanzia Ikulu ukapitia kwa mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya (DC) na ofisa wa tarafa (DO). Mzee aliyesimama mbele ya tume kulalamika kwamba uwanja wa shule umenyakuliwa alikuwa akiyalalamikia mamlaka ya rais, hata kama neno "rais" halikumtoka kinywani.

Na wengi walikuwa wameyaona mamlaka hayo kwa macho yao. Mwaka 1988, katika kura ya mchujo ya KANU, chama tawala, wapiga kura walipanga foleni nyuma ya mgombea au wakala wake. Ndio mlolongo. Aliyepata asilimia 70 alihesabiwa kuwa mbunge bila kupingwa. Palikuwa na mahali ambapo foleni fupi ilitangazwa kuishinda foleni ndefu, mchana kweupe, na waliopanga foleni ndefu wakiwa bado wamesimama. Chama kilikuwa kimoja kisheria tangu 1982, kwa hiyo hapakuwa na pengine pa kwenda. Mtu aliyepitia siku ile hahitaji mhadhara kuhusu madaraka yasiyo na mpaka.

Mfano wa karibu zaidi ni wa 2024. Mswada wa Fedha ulikuja na kodi kwenye mkate. Tarehe 18 Juni serikali ikaiondoa kodi hiyo na nyingine kadhaa. Kwa hesabu ya wanaosema unga tu, vijana walioandamana kuupinga wangerudi nyumbani. Ni kweli kwamba kodi nyingine zilibaki, lakini umati uliongezeka badala ya kupungua, na wiki moja baadaye, tarehe 25 Juni, ukafika hadi ndani ya Bunge. Watu walipoteza maisha. Kesho yake Rais William Ruto akatangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Katika siku zile kifungu cha 37 cha katiba, kile cha haki ya kuandamana, kilitajwa barabarani kama watu wanavyotaja namba ya matatu.

"Wangejali kweli, wangemng'oa rais kwa kura"

Hapa kuna ukweli usiopendeza, na wanaotetea mpiga kura, mimi nikiwa mmoja wao, hatuna budi kuukubali. Tangu uhuru hakuna rais wa Kenya aliyegombea akiwa madarakani akatangazwa kushindwa. Jomo Kenyatta aliondoka kwa kifo mwaka 1978. Moi alishinda 1992 na 1997. Kibaki alitangazwa mshindi 2007, na yaliyofuata tunayajua: zaidi ya watu 1,100 waliuawa, na nchi ikaishia kwenye serikali ya nusu mkate, ya kugawana madaraka. Uhuru Kenyatta alibaki 2017 baada ya uchaguzi kurudiwa.

Waliondokaje basi? Kwa kalenda. Kikomo cha mihula miwili kiliingizwa kwenye katiba pamoja na mageuzi ya vyama vingi, kikaanza kuhesabiwa 1992, na ndicho kilichomtoa Moi 2002, Kibaki 2013 na Uhuru 2022. Watatu kwa watatu. Kura peke yake haijawahi kufanya kazi hiyo.

Lakini usiishie hapo. Tazama kilichotokea rais anayeondoka alipojaribu kuchagua atakayemrithi. Mwaka 2002 Moi alimwinua Uhuru, aliyekuwa bado mchanga kisiasa, na nchi nzima ikaanza kumwita "projekti". Kibaki akashinda kwa asilimia 62. Miaka 20 baadaye Uhuru mwenyewe akamuunga mkono Raila Odinga, na neno likarudi vilevile: projekti. Ruto, ambaye naye alikuwa naibu wa rais huyohuyo, alitangazwa mshindi kwa asilimia 50.49. Kilichonishangaza zaidi ni Mlima Kenya, nyumbani kwa Uhuru, kuipa kisogo chaguo la mtoto wao. Bei ya mafuta ya kupikia ilichangia, na siasa za mahasla, yaani wachakarikaji wa kipato kidogo, zilichangia. Hata hivyo, mara mbili rais aliyetaka mkono wake ufike mbali kuliko muhula wake amekatwa mkono huo.

Mpiga kura huyu, kwa maneno mengine, hamwondoi aliyekalia kiti. Humzuia kukirithisha.

"Kura za maamuzi zilikuwa ukabila mtupu"

Kenya imeulizwa mara mbili kwa refarenda kuhusu katiba nzima. Mara ya kwanza ni tarehe 21 Novemba 2005. Rasimu ya Bomas, iliyotoka kwenye mkutano wa taifa wa katiba, ilikuwa imependekeza waziri mkuu mwenye meno. Ilipopita mikononi mwa serikali na Bunge, meno yaling'olewa na rais akabaki na nguvu zake karibu zote. Kambi mbili zilijulikana kwa alama zao za kura: Ndizi walisema ndiyo, Chungwa wakasema la. Chungwa wakashinda kwa asilimia 58 hivi, na siku mbili baadaye Kibaki akavunja karibu baraza lake lote la mawaziri.

Je, kabila lilikuwemo? Lilikuwemo, tena sana. Mkoa wa Kati ulisema ndiyo kwa zaidi ya asilimia 90, Nyanza ikasema la kwa wingi unaokaribia huo. Anayekataa hilo anajidanganya. Mahakama za kadhi na urithi wa ardhi kwa wanawake navyo vilikuwa kwenye mjadala, kwa hiyo siwezi kudai kwamba kila la ilikuwa la kwa rais.

Njoo sasa tarehe 4 Agosti 2010. Nyanza na Mkoa wa Kati, waliotukanana miaka mitano kabla na kupigana miwili kabla, wakasema ndiyo pamoja. Anayeamini ukabila tu atakujibu kwamba Kibaki wa Mkoa wa Kati na Raila wa Nyanza walikuwa upande mmoja safari hii, na hatakuwa amekosea. Lakini katiba waliyoipitisha kwa takriban theluthi mbili ya kura ilimpunguza rais kuliko yoyote iliyowahi kuandikwa nchini baada ya jamhuri. Mawaziri hawazidi 22 na si wabunge. Majaji hawateuliwi kwa simu ya usiku. Kaunti 47 zina fungu lao la mapato, lisilopungua asilimia 15. Mwananchi wa Mandera au Turkana aliyepigia kura kaunti alikuwa akiondoa kitu mkononi mwa Nairobi, na alikijua kwa jina: pesa.

Mkuu wa kambi ya la mwaka ule alikuwa William Ruto. Miaka 12 baadaye akaapishwa kwa katiba ileile. Kama wapiga kura wangekuwa wanamwadhibu kila aliyewahi kuipinga, asingefika.

"Wananchi waliikataa BBI"

La. Hawakuulizwa. BBI ulikuwa mpango wa Rais Uhuru na Raila wa kubadilisha katiba. Mahakama Kuu iliuzima Mei 2021, ya Rufani ikakubaliana nayo Agosti mwaka huo, na Mahakama ya Juu ikamaliza Machi 2022: rais hawezi kutumia njia iliyowekewa wananchi wa kawaida ili kubadilisha katiba. Ushindi huo ni wa majaji na wa waliokwenda kushtaki. Tusimvike mpiga kura koti ambalo si lake.

"Watu wakiulizwa, daima watakataa rais aongezewe muda"

Tungependa iwe hivyo. Utafiti wa Afrobarometer katika nchi nyingi za Afrika umekuta mara kwa mara kwamba takriban robo tatu ya watu wanataka rais asipite mihula miwili. Lakini Rwanda ilipouliza Desemba 2015, jibu la kumfungulia Rais Kagame njia lilitangazwa kuwa zaidi ya asilimia 98. Burundi nayo ilipitisha muhula wa miaka saba kwa refarenda ya Mei 2018. Uganda haikuuliza kabisa: kikomo cha mihula kiliondolewa na wabunge 2005, na cha umri wakakiondoa 2017. Inategemea anayeuliza ni nani, na kama anayejibu la analala kwake salama usiku huo.

"Mihula ni habari za mawakili na wanaharakati wa Nairobi"

Novemba 2022, mbunge wa Fafi, Salah Yakub, aliropoka kwamba kikomo cha mihula kiondolewe na badala yake kiwekwe cha umri. Ghadhabu iliyozuka iliwafanya wakubwa wa chama chake wenyewe wamkane. Miaka miwili baadaye Seneta wa Nandi, Samson Cherargei, akaleta mswada wa kurefusha muhula kutoka miaka mitano hadi saba. Seneti ikaalika maoni kama kawaida, pengine ikitarajia barua za mashirika matatu manne. Barua pepe zikamiminika kwa malaki hadi ofisi ikalazimika kufungua njia nyingine za kuzipokea. Karibu zote zilisema la, kwa maneno mengine makali mno nisiyoweza kuyaandika hapa. Kamati ikapendekeza mswada utupwe.

Cha ajabu ni kwamba hata wangeupitisha, usingefika bila sisi. Kifungu cha 255 kinasema muhula wa rais haubadilishwi ila kwa refarenda. Watu hawakusubiri waulizwe.

"Wanajali, basi wanajali sawasawa"

Hii ndiyo dhana ya watu wema, na ndiyo inayonisumbua zaidi. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa rais. Nusu ya nchi ilicheza barabarani. Nusu nyingine ilinuna, na rais mwenyewe akawaita majaji wakora. Uamuzi ulikuwa mmoja, wenye hoja zilezile, na uliwagusa watu tofauti kulingana na jina waliloweka alama kwenye karatasi wiki tatu kabla.

Nimeliona hilo hata kinyozini. Mtu yuleyule aliyeshangilia mkono wa rais kufungwa 2017 utamsikia leo akisema mahakama zinaingilia kazi ya serikali, kwa sababu serikali sasa ina mtu wake. Jirani yake amefanya safari hiyo kinyumenyume. Kikomo kinapendwa sana na aliye nje ya mlango.

Kuna kikomo kimoja tu nisichowahi kusikia kikipingwa na upande wowote, nacho ni tarehe. Zamani rais ndiye aliyejua uchaguzi utakuwa lini. Aliiita silaha yake ya siri, na angeweza kuvunja Bunge asubuhi wapinzani wakiwa hawajapiga mswaki. Sasa ni Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Muulize mwendesha boda, atakutajia. Na juu ya tarehe hiyo vijana wameshaweka kikomo chao wenyewe, kifupi kuliko cha katiba: "wantam", muhula mmoja tu kwa Ruto. Upande wa pili unawajibu "tutam", mihula miwili. Karatasi watakayopewa tarehe 10 Agosti 2027 itakuwa na majina, picha na nembo za vyama.